Jumamosi Nne Chini ya Mwarobaini: Tathmini ya Mafunzo ya Ukatili wa Nyumbani Mtaani Majengo

Huduma ninayoitathmini hapa haina duka, haina kibao mlangoni, wala haitozi hata senti. Ni mafunzo ya Jumamosi nne mfululizo kuhusu ukatili wa nyumbani, yanayotolewa mtaani Majengo, Mombasa, na kikundi cha kina mama wakisaidiwa na muuguzi mmoja na wakili mmoja wanaojitolea. Jina la kikundi silitaji kwa kuwa wenyewe waliniomba nisilitaje: wawili kati yao wamewahi kufuatwa majumbani mwao na waume waliokasirishwa na yale wake zao waliyojifunza. Nilihudhuria siku zote nne, tangu baada ya sala ya Alasiri hadi ilipokaribia Magharibi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga Majengo kwa miaka 19, na ninaandika kwa sababu ninaamini kwamba mafunzo haya yanafaa kupelekwa Likoni, Kisauni, Changamwe na Jomvu, baada ya kurekebishwa mambo kadhaa ambayo sitayaficha.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Waliokulia katika nyumba za Kiswahili wanazijua: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati, na nyuma kuna uani ambako wapangaji wote huteka maji, hupika na huanika nguo. Kuta za vyumba vingi hazifiki paani, kwa hivyo kikohozi cha chumba cha kwanza husikika hadi cha sita. Katika nyumba tunayoishi, jirani yetu mmoja alipigwa na mumewe kwa muda unaokaribia miaka miwili, na sote tulikuwa tukisikia. Tulisikia kiti kikianguka, tulisikia mtoto akiambiwa anyamaze, kisha tulisikia kimya, na kimya hicho kilitisha kuliko kelele. Mimi nilikuwa nikiongeza sauti ya redio. Asubuhi tulikutana bombani, tukaamkiana vizuri, "Umeamkaje, mama?" "Salama, mwalimu," kisha kila mmoja akainamia ndoo yake. Siku moja aliondoka na mwanawe na mfuko mmoja wa nguo, akasahau kanzu ya shule ya mtoto kwenye kamba. Kanzu hiyo ilikaa juani siku tatu kabla ya mmoja wetu kuianua. Kama nisingeongeza sauti ya redio zile usiku zote, pengine nisingeona haja ya kwenda kukaa kwenye mkeka chini ya mwarobaini na kufundishwa upya maana ya ujirani.

Mafunzo mengi ya aina hii niliyoyaona, hasa yale ya zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia za kila mwaka kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba, humlenga yule anayeteswa. Huambiwa aseme, asivumilie, aripoti. Ni maneno ya haki, lakini yote humtwika mzigo mtu ambaye tayari ameelemewa. Anayepigwa anajua kwamba anapigwa. Asichokijua ni nani atakayemfungulia mlango akitoka mbio saa nane za usiku. Kikundi hiki kimelielewa jambo hilo, na ndiyo maana mafunzo yake yamewalenga majirani, mawifi, mama wakwe, wenye nyumba, wauza maji na wazee wa mtaa, yaani wale wote wanaosikia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote, na kila nitakalolisifu hapa chini limetokana nayo.

Jumamosi ya kwanza ilianza vibaya. Mwezeshaji kijana alizungumza kwa robo saa akitumia zile herufi tatu za Kiingereza, GBV, ambazo mashirika yamezizoea, kisha akahamia "ukatili wa kijinsia" na "manusura", na nikaona nyuso za mabibi waliokaa mbele zikizidi kuwa ngumu. Hatimaye bibi mmoja aliinua mkono akasema, "Mwanangu, unasema kupigwa, au unasema kitu chengine?" Mwezeshaji alinyamaza kidogo, akaomba radhi, akakaa chini kwenye mkeka pamoja nao. Kuanzia hapo maneno yakawa yetu: kupigwa, kunyanyaswa, kudhalilishwa, kunyimwa matumizi, kufungiwa nje, kupokonywa simu, kufichiwa kitambulisho, kukatazwa kwenda kwao. Orodha ilitoka vinywani mwa waliohudhuria wenyewe, na mwezeshaji alipofungua Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, alionyesha kwamba karibu kila walilolitaja limo ndani yake. Wengi walikuwa wakidhani sheria hutazama jeraha peke yake. Walishangaa kusikia kwamba inataja pia mateso ya kiuchumi, vitisho, kuharibiwa mali, kufuatwafuatwa, ndoa za watoto, na hata wakwe kuingilia mambo ya mke na mume. Palipotajwa wakwe, kicheko kilizuka, kisha kikakatika ghafla, kwani mama wakwe watatu walikuwepo na mmoja wao alikuwa ameanza kufuta macho kwa pindo la leso.

Jambo jengine lililonigusa ni kwamba sheria hiyo haiwahusu mume na mke peke yao. Inawahusu pia wachumba, waliokwisha kuachana, jamaa wa damu, na wanaoishi nyumba moja. Wakili alilieleza hili kwa mfano wa msichana wa kazi anayelala jikoni, na sikusikia mtu akibisha, ingawa niliona baadhi yetu tukitazama chini.

Takwimu hazikupewa nafasi kubwa, na sikuona ubaya wake. Ilitajwa moja tu, kutoka utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022: kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 34 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika umri wa miaka 15, yaani karibu mmoja katika kila watatu. Mwezeshaji alituomba tugawane kwa watatu watatu kulingana na tulivyokaa, kila kundi litazamane bila ya kusema neno, na hapo hesabu ile ikaacha kuwa hesabu.

Jumamosi ya pili ndiyo iliyobeba mafunzo yote. Tulipewa hali moja: ni usiku, unasikia kishindo na kilio kwa jirani, utafanya nini? Majibu ya kwanza yalikuwa yale tuliyolelewa nayo. Mmoja alisema mambo ya mume na mke hayaingiliwi, mwengine akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Mwezeshaji, mama wa makamo ambaye zamani alikuwa akiuza mahamri na mbaazi pale Mwembe Tayari, hakuikejeli methali hiyo. Aliuliza tu: ndugu wanaogombana huwa wawili, kila mmoja ana nguvu na kila mmoja ana mdomo, je, mtu anayepigwa huku amefunika kichwa kwa mikono miwili, hapo kuna ugomvi? Ukimya ulioingia ulikuwa mrefu. Mimi nilifikiria redio yangu.

Kisha akatufundisha kibiriti. Njia yenyewe ni nyepesi na inahitaji busara zaidi kuliko ushujaa. Usiende peke yako; mwamshe jirani mwengine, na kama kuna mzee anayeheshimiwa na mwenye nyumba hiyo, mwamshe yeye kwanza. Ukisikia silaha, usibishe kabisa, piga simu na upige kelele ya kuita watu. Kama si hivyo, bisha mlango kwa sauti ya kawaida, "Hodi, hodi, wenyewe!" na uombe kitu kidogo: kibiriti, chumvi, panadoli ya mtoto. Usimtuhumu mtu, usihubiri, usiulize mnagombania nini. Lengo ni kuuzuia mkono ulioinuliwa, kumpa anayepigwa pumzi moja, na kumjulisha anayepiga kwamba anasikiwa. Asubuhi, yule aliyepigwa akiwa peke yake uani, mwambie maneno matatu tu: nilisikia, nipo, njoo. Kama hataki kusema, muache, lakini mwambie tena kesho. Tuliigiza wawili wawili, na sikutarajia kwamba mkono wangu ungetetemeka kwenye mlango ambao haupo, mbele ya mama ninayemjua tangu zamani aliyejifanya ni mume mkali.

Sheria ya 2015 inaliunga mkono jambo hili, kwani inampa hata mtu wa tatu aliyeshuku ukatili nafasi ya kutoa taarifa. Jirani hana haja ya kungoja jamaa wa mke waje kutoka Kwale au Lamu.

Kuna uamuzi mmoja mdogo wa kikundi hiki ambao ningependa kila shirika liuige. Hawagawi karatasi. Walipoanza, walikuwa wakigawa vipeperushi vyenye nambari ya 1195, ambayo ni simu ya bure ya msaada dhidi ya ukatili inayopokewa usiku na mchana nchini kote, hadi mwanamke mmoja aliporudi baada ya wiki na jicho lililovimba: mumewe alikuwa amekuta karatasi ndani ya mkoba. Sasa nambari inafundishwa kwa kuimbwa, moja moja tisa tano, kwa mahadhi ya wanafunzi wa chuo cha Kurani wanapohifadhi, na baada yake moja moja sita, ambayo ni simu ya watoto. Tuliziimba kila tulipoanza na kila tulipomaliza. Watoto waliokuwa wakicheza gololi kando walizihifadhi kabla yetu. Wanaoweka nambari kwenye simu wanashauriwa waihifadhi kwa jina la fundi cherehani au la muuza gesi, na waifute kwenye orodha ya simu zilizopigwa.

Jumamosi ya tatu aliongoza muuguzi, na hapa nitaeleza kwa urefu kidogo kwa sababu haya ni mambo ambayo mtu akiyajua kwa kuchelewa hayamfai. Aliyebakwa, awe mke, binti au mtoto wa kiume, afikishwe hospitalini mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianzwe ndani ya saa 72 na zimezwe kwa siku 28, na dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya saa 120, ingawa ikichukuliwa mapema ni bora zaidi. Asioge wala asifue. Nguo zake zitiwe kwenye bahasha au mfuko wa karatasi, zisitiwe kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevu unaobaki ndani ya plastiki huharibu ushahidi. Muuguzi alishika dera kuukuu, akalikunja taratibu juu ya gazeti, akafunga ncha za gazeti kwa uzi, akasema, "Hivi, na mwandike saa." Hospitali kuu ya Pwani, Coast General, ina kituo maalumu cha kuwahudumia waliofanyiwa ukatili, na matibabu yanaweza kuanza hapo hata kabla ya kupita kituo cha polisi. Hili la mwisho wengi hawakulijua. Walidhani bila ya polisi daktari hakugusi. Fomu ya P3, ambayo hujazwa kwa ajili ya kesi, haiuzwi.

Alitaja pia kukabwa koo. Mtu aliyekabwa anaweza kukosa alama yoyote shingoni, akaamka anazungumza na kucheka, na bado akawa hatarini kwa saa kadhaa baadaye. Sauti ikikauka, kumeza kukiuma, au ikiwa alijikojolea wakati ule, apelekwe hospitali bila ya kungoja alama zionekane. Mwanamke mmoja kando yangu aligusa shingo yake bila ya kujijua. Hakuna aliyemtazama, na hiyo pia ilikuwa heshima.

Jumamosi ya nne ilikuwa ya sheria na mahakama, na niliiona kuwa iliharakishwa. Jambo kubwa zaidi lilisemwa vizuri, nalo ni tofauti kati ya kadhi na mahakama ya jinai. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, Mahakama ya Kadhi huamua masuala ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Mke anaweza kwenda huko kudai talaka au matumizi, lakini kipigo chenyewe ni kosa, na kosa hupelekwa polisi na katika mahakama ya kawaida. Kwenda kwa mmoja hakumzuii mtu kwenda kwa mwengine. Wakili alieleza pia amri ya ulinzi, ambayo mahakama inaweza kuitoa kumzuia mtesaji asimkaribie wala asimtishe anayeteswa, na kwamba kuivunja ni kosa. Mombasa tuna bahati ya kuwa na mahakama maalumu ya kesi za ukatili wa kingono na wa kijinsia pale Shanzu, iliyozinduliwa mwaka 2022, ya kwanza ya aina yake nchini. Ustadhi mmoja aliyekuwepo alisimama akasema kwa ufupi kwamba anayemficha dhalimu kwa jina la dini ameidhulumu dini kwanza. Nilitamani apewe nusu saa, lakini alipewa dakika mbili.

Sasa kasoro. Wakili alifundisha sheria kama inavyotakiwa kuwa, na hakutufundisha vya kutosha la kufanya inapokuwa sivyo. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza binti wa jamaa yangu hadi kituo kimoja cha polisi, mdomo wake umepasuka, na afisa aliyekuwa mapokezi alituambia twende tukapatane nyumbani. Nilipolieleza hilo, jibu nililopewa ni kwamba sheria inamruhusu kuomba kuandikisha maelezo kwa afisa wa jinsia yake. Ni kweli na ni muhimu, lakini sikuambiwa nifanye nini pale mezani mtu anapokataa hata kufungua daftari. Ningependa siku ya nne iwe na maigizo kama ya siku ya pili: nani aende naye, aombe nambari ya kuandikishwa kwa tukio vipi, amwone nani akikataliwa, na shirika kama FIDA Kenya, ambalo hutoa msaada wa kisheria kwa wanawake, litafutwe wakati gani.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mama mmoja aliuliza, "Nikitoka usiku na watoto watatu, tutalala wapi?" Jibu lilikuwa ni kupiga 1195 na kutafuta jamaa. Swali hilo lilistahili Jumamosi nzima. Majirani tuliokuwa pale tungeweza kupanga wenyewe: nyumba ipi ina chumba, nani ana tuktuk usiku, nani atashika nakala za vyeti vya kuzaliwa na kitambulisho, chama kipi cha akiba kiko tayari kutenga nauli ya dharura. Watu walikuwa tayari, niliwaona wakinong'onezana. Mwezeshaji akaendelea na mada nyengine kwa sababu muda ulikuwa umekwisha.

Na muda wenyewe ulichaguliwa vibaya. Inapokaribia Magharibi mwanamke wa Majengo ana jiko, ana watoto wa chuoni, na mwenye mume mkali ana saa ya kurudi ambayo haivunjwi. Kila Jumamosi niliwaona wale ambao pengine walihitaji zaidi wakijiinua polepole kwenye mkeka, wakijifunga leso na kuondoka kabla ya mwisho. Wanaume nao walikuwa wachache mno. Siku iliyokuwa na wengi niliwahesabu tisa, na kina mama walipita arubaini. Mzee mmoja kati ya hao aliuliza iwapo mwanamume anayepigwa na mkewe au na mwanawe ana pa kwenda. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, na akajibiwa kwa sentensi moja kwamba sheria ni ya wote. Ni kweli kwamba ni ya wote, lakini mzee yule alistahili kuketishwa kando na kuulizwa anaendeleaje.

Wiki tano baada ya Jumamosi ya mwisho, usiku, tulisikia kishindo katika chumba cha wapangaji wapya. Nilizima redio. Nilipotoka ukumbini nilimkuta mama wa chumba cha pili tayari amesimama, kajifunga leso kifuani, na mzee wa chumba cha kwanza anatafuta kandambili zake. Mzee ndiye aliyebisha, na mimi ndiye niliyeomba kibiriti, huku nikijua, na wao wakijua, kwamba nyumba nzima tunapikia gesi yenye kiwashio. Mlango ulifunguliwa kidogo. Mume alikuwa anahema. Mke alikipitisha kibiriti pembeni yake, na vidole vyake vilikuwa baridi. Usiku huo hatukusikia tena. Kulipokucha nilimwambia bombani yale maneno matatu, akajaza ndoo bila ya kujibu. Siku ya nne alikuja mlangoni kwangu kuuliza ile nambari inaimbwaje.

Kwa anayetaka kuhudhuria: mkeka uje na wako, maji ya kunywa yapo, watoto wanakubaliwa ingawa hakuna wa kuwaangalia, na hakuna anayeandikwa jina. Asiyependa kuonekana akiingia apite upande wa nyuma, kwenye kibanda cha mkaa. Kikundi kinajiandaa kuanza awamu nyengine, na ombi langu kwao nimeshalipeleka kwa mdomo na ninalirudia hapa: kina mama wapangiwe saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati waume wako kazini na watoto wako shuleni, na wanaume wafuatwe baada ya Isha pale pale barazani wanapokunywa kahawa tungu, kwani muuza kahawa wa kona yetu amekwisha kukubali kusogeza jiko lake kando ili mkeka upate nafasi.